Athletics au Giants? Vikosi viwili na redio mbili kwa shabiki aliyebaki Oakland

Tarehe 26 Septemba 2024 Athletics walicheza mechi yao ya mwisho katika uwanja wa Coliseum mbele ya watazamaji 46,889, wakawashinda Texas Rangers kwa 3 dhidi ya 2, na siku hiyo jiji la Oakland likabaki bila timu ya Ligi Kuu ya Besiboli kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1968. Tangu hapo, sisi tunaoishi upande huu wa Ghuba ya San Francisco tumekuwa tukiulizana swali moja kila tunapokutana, iwe sokoni, msikitini au kwenye vikao vya harusi: tuendelee kuwafuata Athletics huko West Sacramento walikohamia kwa muda, na baadaye Las Vegas wanakokusudia kuweka makao ya kudumu, au tuvuke daraja na kuwa mashabiki wa Giants wa San Francisco, timu ambayo kwa miaka mingi tuliihesabu kuwa mtani wetu wa jadi?

Ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili ya mtu anayesikiliza mechi zaidi ya kuzitazama. Wengi wetu ni madereva, wahudumu wa wazee wa zamu ya usiku, walinzi na wapishi, na mechi hutufikia kupitia redio ya gari au kisikilizio cha sikio moja huku mikono ikiendelea na kazi. Msimu wa besiboli una mechi 162 kwa kila timu, na tangu mwaka 2023, ilipoanza kutumika saa ya kumharakisha mrushaji (anayemrushia mpigaji mpira), mechi moja huchukua wastani wa saa mbili na dakika arobaini hivi. Ukizijumlisha zote unapata zaidi ya saa 400 katika miezi sita. Hakuna ndugu wala rafiki anayetuzungumzia kwa muda mrefu kiasi hicho kwa mwaka, na ndiyo maana nashikilia kwamba shabiki wa aina yetu anapochagua timu anapaswa kupima vitu viwili kwa pamoja, yaani kikosi kinachocheza na sauti inayokitangaza, na kwamba hicho cha pili kina uzito mkubwa kuliko tunavyokubali.

Vikosi

Malalamiko ya mashabiki wa Athletics kuhusu kikosi hayakuanza jana. Klabu hii haijawahi kukosa jicho la kuona vipaji. Ilichokosa ni moyo wa kuvitunza. Katika miaka ya 1972, 1973 na 1974 ilitwaa ubingwa mara tatu mfululizo, na mwaka 1976 mmiliki wake wa wakati huo, Charlie Finley, akajaribu kuwauza Vida Blue kwa New York Yankees, na Rollie Fingers na Joe Rudi kwa Boston Red Sox, kwa jumla ya dola milioni 3.5. Kamishna wa besiboli, Bowie Kuhn, aliyabatilisha mauzo hayo, lakini tabia yenyewe haikubatilika. Mwishoni mwa mwaka 2014 klabu ilimpeleka Josh Donaldson Toronto, na msimu uliofuata akachaguliwa kuwa mchezaji bora wa ligi yake, mojawapo ya mbili zinazounda Ligi Kuu, akiwa na jezi ya Blue Jays.

Kilichotuumiza zaidi ni yale ya mwaka 2022. Ndani ya wiki chache za Machi na Aprili waliondoka Chris Bassitt, Matt Olson, Matt Chapman na Sean Manaea. Agosti akaondoka Frankie Montas, na kabla ya mwaka kuisha akaondoka na mdakaji (anayepokea mipira ya mrushaji) Sean Murphy. Mtu aliyekuwa amekariri majina ya kikosi kizima msimu wa 2021 alijikuta, miezi kumi na minane baadaye, akisikiliza mechi ambayo karibu kila jina ni geni. Msimu wa 2023 timu ilishinda mechi 50 na kupoteza 112. Sisemi kwamba kufungwa ndiko kulikotuuma, kwa sababu shabiki aliyelelewa katika ushabiki anajua kufungwa ni sehemu ya mapenzi. Kilichouma ni kuona wazi kwamba kufungwa huko kulitokana na maamuzi ya ofisini, na kwamba kiwanja kilichokuwa kinakauka watu kilitumiwa kama ushahidi kwamba Oakland haistahili timu.

Hata hivyo, mwenye haki hulinganisha kikosi cha leo na kikosi cha leo, na hapo sina budi kuwasifu. Kikosi cha Athletics cha msimu wa 2025 ni kizuri kukisikiliza kuliko kikosi chochote walichokuwa nacho tangu 2021. Nick Kurtz, aliyechaguliwa katika mgawo wa wachezaji wapya wa mwaka 2024, alipiga homurani (mipigo ya kuutoa mpira nje ya uwanja) 36 katika msimu wake wa kwanza na akatwaa tuzo ya mchezaji mpya bora wa ligi yake kwa kura zote. Tarehe 25 Julai 2025, mjini Houston, alipiga homurani nne katika mechi moja, jambo ambalo mchezaji wa msimu wa kwanza hakuwahi kulifanya. Jacob Wilson ni mpigaji wa namna nyingine kabisa, mtu wa kuugusa mpira na kuupenyeza, na alimaliza msimu akiwa na wastani wa .311, yaani mipigo salama takriban mitatu katika kila majaribio kumi. Mdakaji Shea Langeliers, aliyepatikana katika mauzo yaleyale ya Olson, ana nguvu ya kuupeleka mpira nje ya uwanja wowote. Tena safari hii klabu imeanza kuwafunga wachezaji wake kwa mikataba mirefu: Brent Rooker alisaini miaka mitano kwa dola milioni 60, na Lawrence Butler miaka saba kwa dola milioni 65.5, huku mrushaji Luis Severino akipewa mkataba wa dola milioni 67, mkubwa kuliko wote waliowahi kutoa hadi wakati huo.

Upungufu wao uko kwa warushaji, na ni upungufu mkubwa. Mtu unasikia timu inapata mikimbio (ndiyo mabao ya besiboli) sita kisha inaipoteza mechi kwa sababu wapinzani wamepata minane. Na siku ya mwisho ya Julai 2025 wakamwachia Mason Miller, mrushaji wa kumalizia mechi ambaye mipira yake hupita maili 100 kwa saa, aende San Diego, ili wampate kijana Leo De Vries na wengine watakaokomaa baadaye. Huenda ni biashara yenye akili. Lakini kwa mtu aliyeuona mwaka 2022, neno hilo "baadaye" linajulikana ladha yake. Walimaliza na ushindi 76 na kushindwa 86.

Kwa upande wa Giants malalamiko ni ya aina tofauti, na mtu anayehama kutoka Oakland inafaa ayajue kabla hajahama. Giants hawauzi kikosi kizima kwa mkupuo. Wao wanakaa palepale. Mwaka 2021 walishinda mechi 107, nyingi kuliko timu yoyote ya ligi nzima msimu huo, na tangu hapo matokeo yao ni haya: 81 kwa 81 mwaka 2022, 79 kwa 83 mwaka 2023, 80 kwa 82 mwaka 2024, kisha tena 81 kwa 81 mwaka 2025. Kwa misimu minne hiyo hawakuingia hatua ya mchujo. Fedha wanazo, na wanazitoa, lakini kwa muda mrefu walikuwa kama mposaji anayefika na mahari kamili akakuta bibi harusi ameshaolewa: Desemba 2022 walimkosa Aaron Judge, aliyeamua kubaki New York, kisha wakakubaliana na Carlos Correa mkataba wa miaka 13 wa dola milioni 350, mkataba uliovunjika baada ya vipimo vya afya.

Tangu Septemba 2024 usimamizi wa kikosi uko mikononi mwa Buster Posey, aliyekuwa mdakaji wao katika ubingwa wa 2010, 2012 na 2014, na mwelekeo umebadilika. Willy Adames alisajiliwa kwa miaka saba na dola milioni 182. Juni 2025 wakamchukua Rafael Devers kutoka Boston, mmoja wa wapigaji wenye mikataba mikubwa katika mchezo huu. Mrushaji Logan Webb, aliyelelewa klabuni hapohapo, ni mtu wa kumtegemea kila siku ya tano, zamu yake ya kurusha inapofika. Na katika besi ya tatu yupo Matt Chapman, huyuhuyu wetu wa Oakland, aliyesaini Septemba 2024 mkataba wa miaka sita wa dola milioni 151. Pamoja na hayo yote, mwisho wa Julai 2025 nao waliachia wachezaji, wakiwemo warushaji wawili muhimu wa awamu za mwisho za mechi, Camilo Doval na Tyler Rogers, na msimu ulipokwisha wakamfukuza kocha Bob Melvin, ambaye kabla ya hapo alikuwa ameifundisha Athletics kuanzia 2011 hadi 2021. Mahali pake pamechukuliwa na Tony Vitello, aliyetoka Chuo Kikuu cha Tennessee bila kuwahi kufundisha timu yoyote ya kulipwa. Ni uamuzi wa ujasiri, na siwezi kuuhukumu mpaka kocha huyo apite msimu mzima.

Nikilinganisha wachezaji wenyewe, bila kuangalia kitu kingine, nawapa Athletics nafasi ya juu katika upigaji na Giants nafasi ya juu katika urushaji na katika uhakika kwamba jina unalolipenda mwaka huu litakuwapo mwaka kesho. Hilo la mwisho si dogo kwa msikilizaji, kwa kuwa msikilizaji humjua mchezaji kwa kusimuliwa, na masimulizi huhitaji muda.

Redio

Besiboli ni mchezo uliozaliwa kabla ya redio lakini unaonekana kama uliumbwa kwa ajili yake. Kati ya mrusho mmoja na mwingine kuna sekunde kumi na tano hadi ishirini ambazo hakuna kinachotokea, na katika nafasi hiyo mtangazaji mzuri hukujengea uwanja kichwani: upepo unavuma kutoka wapi, mdakaji amesogea upande gani, mpigaji ameshika gongo juu au chini, matokeo ni yapi na wangapi wametolewa. Mtangazaji mbaya huijaza nafasi hiyo kwa matangazo ya biashara na soga, na ukitoka kuegesha gari huwezi kujua ni awamu ya ngapi kati ya tisa. Sisi tuliokua tukisikiliza kandanda la redioni nyumbani, ambako mtangazaji alikuwa akikuambia mpira uko upande wa kaskazini au wa kusini wa uwanja hadi ukauona, tunajua tofauti hiyo bila kufundishwa.

Athletics walikuwa na mmoja wa mabingwa wa kazi hiyo. Bill King aliwatangaza kuanzia 1981 hadi alipofariki mwaka 2005, na mwaka 2017 alipewa Tuzo ya Ford C. Frick, heshima ya juu kabisa ambayo Jumba la Umaarufu la Besiboli huwapa watangazaji. Ken Korach, aliyeanza kazi hapo 1996 kama msaidizi wake, alishika nafasi ya kwanza kuanzia 2006. Sauti ya Korach ni ya utulivu, haipandi bila sababu, na katika miaka ile ya kufungwa mechi 112 alitimiza jambo gumu kuliko kutangaza ubingwa: alisema ukweli kuhusu kilichokuwa mbele yake bila kuidharau timu na bila kutudanganya sisi. Nyuma ya sauti yake zilikuwa zikisikika ngoma za mashabiki wa viti vya nje, ngoma halisi, zenye mdundo usiokoma, kiasi kwamba ukiwasha redio katikati ya mechi ulijua kabla hujaambiwa kwamba timu iko nyumbani.

Usiku wa tarehe 13 Juni 2023 nilikuwa garini nikisikiliza. Mashabiki 27,759 walijaa Coliseum kwa makusudi, wengi wakiwa na fulana za kijani zenye neno la kumtaka mmiliki auze timu, ili kuonyesha kwamba tatizo halikuwa watu. Awamu ya tano ilipoanza, uwanja mzima ukanyamaza kwa mpigaji wa kwanza. Katika redio ukimya wa watu elfu ishirini na saba ni kitu cha ajabu: ulisikika mpira ukigonga glavu ya mdakaji, wazi kabisa, kama uko mazoezini. Nikadhani matangazo yamekatika, nikanyoosha mkono kuongeza sauti, na hapo ndipo kelele zilipolipuka. Athletics walishinda 2 kwa 1 dhidi ya Tampa Bay Rays. Novemba ya mwaka huohuo wamiliki wa timu zote walipiga kura kuidhinisha kuhamia Las Vegas.

Tatizo la redio ya Athletics, kwa hiyo, halikuwa watangazaji. Tatizo ni njia inayowafikisha kwetu. Katika historia yao ya Oakland wamebadilisha vituo mara nyingi, na kila badiliko limewaacha nyuma wasikilizaji wengine. Mwanzoni mwa msimu wa 1978, Finley alipokuwa hana kituo kingine, mechi zilirushwa na KALX, kituo cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California kilichopo Berkeley chenye nguvu ya wati 10 tu, na mmoja wa watangazaji alikuwa mwanafunzi aliyeitwa Larry Baer. Baada ya miaka kadhaa ya kusikika katika 95.7 FM hadi 2018, kisha msimu mmoja katika 860 AM, klabu ilitangaza kabla ya msimu wa 2020 kwamba wakazi wa eneo la ghuba wasingekuwa tena na kituo cha redio cha Kiingereza, bali wangesikiliza kwa intaneti pekee. Mwezi Julai mwaka huohuo wakageuza uamuzi na kurudi hewani kupitia 960 AM. Walirudi, ndiyo, lakini mzee ambaye redio yake ya jikoni haina intaneti alikuwa ameshaelezwa, bila kuzunguka, ana thamani gani.

Giants wako KNBR, 680 AM, tangu mwaka 1979. Kituo hicho kina nguvu ya wati 50,000, na usiku, mawimbi ya AM yanapoakisiwa na tabaka la juu la anga, husikika mbali sana nje ya California. Dereva wa lori anayetoka Oakland kwenda Nevada anaweza kuanza mechi Bay Bridge na kuimaliza milimani bila kubadilisha namba. Zaidi ya miaka arobaini namba ni ileile. Nasisitiza hili kwa sababu mtu asiyefanya kazi za usiku hawezi kulipima: unapokuwa na dakika mbili tu kati ya mgonjwa mmoja na mwingine, hutaki kutafuta programu, kukumbuka nenosiri, kisha kusubiri.

Sauti kuu ya Giants ni Jon Miller, aliyejiunga nao mwaka 1997 na kupewa Tuzo ya Frick mwaka 2010. Miller ana kipaji cha kumtaja kila mchezaji kwa matamshi ya lugha yake mwenyewe, jambo linalompendeza sana mtu ambaye jina lake limevunjwavunjwa katika kila ofisi aliyoingia. Na mpira unapotoka nje ya uwanja huuaga kwa Kihispania, "Adiós, pelota". Humsikii akiharakisha. Kwake awamu ya tatu ya mechi isiyo na maana katika mwezi wa Mei ni hadithi kamili yenye mwanzo na mwisho. Pamoja naye yupo Dave Flemming, mwenye kasi zaidi na mpangilio mzuri wa takwimu, ambaye naye ni hodari.

Yupo atakayesema kwamba kumpenda Miller ni kuisaliti Oakland. Namwomba afikirie jinsi kambi hizi mbili zilivyochanganyika tangu zamani. Jon Miller alianza utangazaji wa ligi kuu mwaka 1974 akiwa kijana wa miaka 22, na timu aliyoitangaza ilikuwa Oakland Athletics. Lon Simmons, sauti ya zamani ya Giants, alikaa pamoja na Bill King katika chumba cha matangazo cha Coliseum kwa miaka mingi. Na yule mwanafunzi wa KALX, Larry Baer, ndiye leo mtendaji mkuu wa Giants. Anayevuka daraja kwa masikio yake haendi ugenini kabisa.

Lawama moja dhidi ya utangazaji wa siku hizi inazigusa timu nyingi, na msikilizaji anapaswa kuijua. Tangu janga la mwaka 2020, klabu mbalimbali ziliona kwamba zinaweza kuokoa nauli kwa kuwaacha watangazaji wa redio nyumbani wakati wa mechi za ugenini, wakatangaza kwa kuangalia televisheni. Mwaka 2021 Toronto Blue Jays walikwenda mbali zaidi, wakaweka sauti ya televisheni redioni badala ya utangazaji wa redio. Dalili ni rahisi kuitambua: mtangazaji anachelewa kukuambia mpira umeangukia wapi, kwa sababu anaona kile tu ambacho kamera imeamua kumwonyesha. Ukisikia hivyo mara kwa mara, ujue unasimuliwa picha, si mchezo.

Kuhusu gharama nitasema kwa ufupi. Redio ya AM ni bure. Ligi yenyewe huuza huduma ya sauti katika programu yake ya simu, kwa takriban dola 30 kwa mwaka, na kwa hiyo unapata redio za timu zote, za nyumbani na za ugenini, bila vizuizi vya eneo vinavyowasumbua wanaotaka kutazama video. Kwa shabiki wa Athletics aliyeko mbali na masafa yao hiyo ndiyo njia ya uhakika. Ubaya wake ni kuchelewa: sauti ya intaneti hufika baada ya ya AM, na jirani mwenye redio ya kawaida atashangilia kabla yako. Tena hula chaji na bando. Programu moja niliyoitumia, ambayo sitaitaja, ilinikatia matangazo katika awamu ya tisa mara tatu kwa wiki moja, na tangu hapo nimeweka redio ndogo ya betri katika mfuko wa koti.

Safari ya uwanjani

Kwa anayependa kwenda uwanjani mara mojamoja, jambo liko wazi. Kwenda Oracle Park, uwanja wa Giants uliofunguliwa mwaka 2000 kando ya maji, kutoka Oakland unapanda treni ya BART kisha tramu, au kivuko kinachokuteremsha karibu na lango. Sutter Health Park, wanakocheza Athletics tangu 2025, iko West Sacramento, kilomita zipatazo 130 kutoka hapa, na ina nafasi ya watu 14,000 hivi. Treni ya Amtrak huchukua takriban saa mbili, kisha unavuka daraja la Tower Bridge kwa miguu. Ukiwa ndani unakaa karibu sana na wachezaji, na hilo ni la thamani. Julai na Agosti joto la huko ni kali, kwa hiyo usimpeleke mtoto mdogo mchana. Las Vegas uwanja unajengwa kwa lengo la kufunguliwa mwaka 2028.

Ipo pia Oakland Ballers, timu iliyoanza kucheza mwaka 2024 katika ligi ya Pioneer, isiyo chini ya ligi kuu, inayocheza Raimondi Park huko West Oakland na iliyotwaa ubingwa wa ligi yake mwaka 2025. Sikuilinganisha na hizi mbili kwa sababu si za daraja moja, lakini ngoma zetu sasa zimehamia kule kwa maana zote, na tiketi zake mtu wa kipato cha kawaida anazimudu akiwa na familia.

Uamuzi

Mpwa wangu alifika kutoka Tanga Februari 2025 bila kujua chochote kuhusu mchezo huu, na alianza kazi ya usiku katika ghala. Aliniuliza, "Mjomba, nishike timu ipi? Hii ya kwenu naona watu wanaihuzunikia kama msiba." Kwa miezi mitatu nilimwachia asikilize zote mbili, Athletics kwa simu na Giants kwa redio, nikimweleza tu maana ya boli na stiraiki na kwa nini mpigaji anaweza kwenda besi ya kwanza bila kupiga mpira.

Ushauri niliompa, na ninaoutoa kwa kila anayeanza, ni Giants kupitia 680 AM. Kikosi chao si bora kwa mbali, na kwa misimu minne kimetupa sababu chache za kushangilia, lakini redio yao ni bure, haihami, na inatangazwa na mtu atakayekufundisha mchezo na Kiingereza kwa wakati mmoja. Mwanafunzi wa lugha anahitaji sauti isiyokimbia, inayorudia matokeo mara kwa mara na kutamka majina kwa ukamilifu, na hayo yote anayapata hapo kila usiku.

Kwa aliyekuwa na Athletics tangu zamani ushauri wangu ni mwingine. Usijilazimishe kuwachukia vijana wasiohusika na uhamisho. Kurtz hakuwahi kuivaa jezi hiyo Coliseum, Wilson aliivaa hapo katika miezi michache ya mwisho tu, na wote wawili hawakupiga kura yoyote. Lipia ile sauti ya dola 30, wasikilize mpaka milango ya Las Vegas itakapofunguliwa, na baada ya hapo moyo wako utakuambia. Mimi ndivyo ninavyofanya: Athletics Jumamosi na Jumapili nikiwa nyumbani, Giants siku za kazi. Ila kama una nafasi ya timu moja tu, na ukapata usiku wa manane swali la kubana kati ya kikosi kinachokuja juu na redio inayokufikia, chukua redio.

Mpwa wangu alichagua mapema Septemba. Tulikuwa garini kuelekea kazini kwake, Miller akitangaza, na mpira mkali ulipigwa chini chini kuelekea besi ya tatu. Mchezaji akaruka kulia, akaudaka ukiwa umempita nusu, akarusha akiwa magotini na mpigaji akatolewa. Uwanja uliinuka. Kijana akauliza huyo ni nani. Nikamwambia ni Matt Chapman, na kwamba kwa miaka mitano alikuwa akifanya hivyohivyo Oakland, kilomita chache kutoka hapo tulipokuwa. Alinyamaza mpaka tukafika getini, kisha akaniomba nimwachie ile redio ya betri.